Shajara ya mradi: Kiarabu cha sokoni, komini ya Kenya, Lubumbashi

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Leo tumeanza. Wanafunzi 31 wa miaka 11 hadi 14, chumba kimoja nyuma ya msikiti, ubao mmoja na mabenchi ya mbao. Tuko komini ya Kenya, Lubumbashi, katika Kongo. Msomaji wa mbali asichanganye: Kenya hapa ni mtaa wetu wenye soko kubwa, si nchi ya Nairobi.

Mradi ulizaliwa mwezi wa saba. Mgeni kutoka Sudan alipita kuswali kwetu, na baada ya swala akamwuliza mwanafunzi wangu mmoja aliyekwisha kuhifadhi juzuu tatu: "Ayna l-maa'?" Alitaka kujua maji yako wapi. Mtoto akanitazama mimi. Neno *maa'* amelisoma mara nyingi katika Qur'ani, na *ayna* vilevile, lakini hakuwahi kuulizwa maneno hayo na mtu mwenye kiu. Maji nikayaleta mwenyewe. Jioni nikamwuliza imekuwaje, akanijibu kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Mwalimu, tunayua kusoma, hatuyue kusema."

Maneno hayo nimeyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi, kwa sababu kosa ni langu. Mifano yangu ya sarufi ni ileile niliyofundishwa mimi: *dharaba Zaydun 'Amran*, Zayd alimpiga Amr. Wanafunzi wangu wanamtambua mtenda na mtendwa, wanatia dhumma na fat-ha, alama za irabu, mahali pake bila kukosea. Ukiwatuma kitunguu kwa Kiarabu, hawarudi nacho.

Hadi Desemba nataka kila mmoja aweze mambo matano bila kufungua daftari: kusalimiana na kujitambulisha, kuuliza bei na kulipa, kumwelekeza mtu njia, kumweleza tabibu anaumwa wapi, na kumweleza mgeni chakula cha kwetu. Tunakutana Jumatano na Jumamosi, saa nane hadi saa kumi. Usomaji wa Qur'ani unabaki asubuhi kama zamani, haukuguswa.

Jumatano, 17 Septemba

Nimekuja na kikapu badala ya kitabu. Ndani: kitunguu, sukari, chumvi, sabuni, limau, pilipili, kopo la mafuta, samaki mkavu, na unga ndani ya meka, chombo chetu cha kupimia.

Nilianza kwa kuwauliza ni vitu gani hapa tayari wana jina lake la Kiarabu mdomoni. Kimya. Nikainua sabuni nikasema *swaabuun*. Nikainua sukari, *sukkar*. Samaki, *samak*. Limau, *laymuun*. Pilipili, *filfil*. Macho yakaanza kufunguka, na kuanzia hapo sikuhitaji kusukuma: soko ni *suuq*, duka ni *dukkaan*, bei inatoka *bay'*, ghali ni *ghaalii*, hasara ni *khasaara*, thamani ni *thaman*, mizani ni *miizaan*. Msichana wa benchi la mbele, ambaye mwaka mzima uliopita sikusikia sauti yake, akasema "dakika", akaona tumelikubali, akaongeza "saa", kisha "wakati", kisha "safari". Ubao ulijaa.

Maneno haya yalifika huku kwetu Katanga kwa miguu, pamoja na wafanyabiashara wa misafara waliotoka pwani kufuata shaba na pembe za ndovu katika karne ya 19. Mtoto wa Lubumbashi anayesema "bei" ameshika mkononi kitu kilichotembea njia ndefu. Mimi naona ni dhuluma kumfundisha neno hilo kana kwamba ni geni.

Chumvi, maji, unga, kitunguu na mafuta havikuwa na jina la kuazima. Hivyo vitano ndivyo tulivyojifunza leo: *milh*, *maa'*, *twahiin*, *baswal*, *zayt*. Vitano tu, na vyote walivishika kwa mkono.

Jumamosi, 27 Septemba

Mlango uliotufungulia njia umeanza pia kutupoteza. Mvulana mmoja alimaliza zoezi akasema kwa furaha, "Hadhaa d-dars rakhiis." Alikusudia kusema somo ni rahisi. Kwa Kiarabu amesema somo ni la bei ya chini, kitu kisicho na thamani kubwa. *Rakhiis* ni kinyume cha ghali, basi. Kisicho kigumu ni *sahl*, na hilo nalo tunalo: sahali.

Tukafungua ukurasa wa maneno ya kuyaangalia mara mbili. "Karibu": kwa Kiarabu *qariib* ni iliyo jirani, ukimpokea mgeni kwa neno hilo hataelewa, mwambie *ahlan wa sahlan*. "Barua": Mwarabu anaandika *risaala*. "Habari?": *khabar* ni habari kweli, lakini salamu yao ni *kayfa haaluk*, na *haal* hiyo ndiyo hali yetu. Kila mwanafunzi ana ukurasa huu mwishoni mwa daftari na tutauongeza kila tunapojikwaa. Nimewakataza kuufuta hata wakishayajua.

Jumatano, 8 Oktoba

Hesabu. Nilidhani itapita haraka, ikachukua saa mbili zote, na sijutii hata dakika moja.

Sita, saba, tisa, ishirini, thelathini hadi tisini, mia na elfu, tunavyo tayari. Shida ilikuja kwenye 25. Kwa Kiswahili tunasema ishirini na tano. Kiarabu kinatanguliza tano: *khamsa wa 'ishruun*. Nikisema bei, nusu ya darasa inaandika 52. Nilieleza mara mbili, wakaendelea kuandika 52. Ndipo mvulana wa nyuma akaomba chaki. Akasema Kiarabu tunakiandika kutoka kulia, basi ukisikia *khamsa* andika 5 palepale, ukisikia *'ishruun* sogea kushoto uandike 2. Akaandika, na ubaoni pakatoka 25.

Nimefundisha Kiarabu miaka tisa sikuwahi kuliona hilo. Sikio na mkono vinakwenda pamoja ukifuata mwendo wa maandishi yenyewe. Tulipofika mamia ikavunjika, maana mia inasemwa kwanza, lakini kwa namba za tarakimu mbili hakuna aliyekosea tena.

Pesa za mchezo ni vipande vya karatasi ya boksi: *khamsumi'at farank*, *alf farank*, *khamsat aalaaf farank*. Wanasahau kwamba elfu mbili ina umbo lake, *alfaan*, wanasema "ithnaan alf". Nawaacha wamalize kununua kwanza, kisha nawasahihisha. Nikiwakata katikati ya biashara wananyamaza, na nimewanyamazisha vya kutosha miaka iliyopita.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku ngumu, na nzuri.

Mzazi mmoja alikuwa amekwenda kwa shehe wetu kulalamika kwamba watoto wanacheza soko mahali pa kusomea Qur'ani. Shehe ni mzee. Ndiye aliyenifundisha mimi alifu. Alikuja bila kunitaarifu, akaketi benchi la nyuma, mkongojo kati ya magoti. Soko lilikuwa limepamba moto. Msichana alikuwa anauza vitunguu na mwenzake anapunguza bei.

Shehe akainua mkono. "Neno hili *baswal*, wanangu, mmelikuta wapi?"

"Sokoni, Shehe."

"Na kabla ya hapo?"

Hakuna aliyejibu. Na mimi, niseme ukweli, sikujibu. Akafumba macho akasoma kutoka Suratul Baqara, aya ya 61, pale watu wa Musa wanapoomba kile ardhi inachootesha: "*...wa fuumihaa wa 'adasihaa wa baswalihaa.*" Watoto wakarukia misahafu. Kila mmoja alikwisha kuipita aya hiyo. Kilichofuata sikuwahi kukisikia katika chumba hiki: watoto wanapigiana kelele kwa sababu ya maneno ya kitabu. "Hiki hapa! Kitunguu hiki hapa!"

Nilidhani hapo Shehe ametupa baraka zake. Hakuwa amemaliza. Akasema, "Someni mbele." Wakasoma. Musa anawaambia: mnabadilisha kilicho bora kwa kilicho duni? Shehe akanigeukia mimi, si watoto. "Mwalimu, aya hii inataja vitunguu, na inawalaumu walioviomba. Wafundishe vitunguu. Usiwaache wakabadilisha."

Kisha akauliza chombo kile cha kupimia unga kinaitwaje kwa Kiarabu. Tulikuwa tumesema tu "meka", sikuwa nimetafuta neno. Akatupa mwenyewe: *mikyaal*, kutoka Surat Hud aya ya 84, Shuayb anawaambia watu wake wasipunguze mikyaal na mizani. Akaondoka. Hakusema kama amekubali au amekataa.

Nimekaa na maneno yake hadi usiku. Sioni kama alikuja kunizuia. Nilikuwa nimetenganisha mambo mawili, asubuhi Qur'ani na mchana soko, kama vile ni lugha mbili. Alichofanya ni kunionyesha kwamba utengano huo nimeuleta mimi. Kuanzia wiki ijayo kila neno la sokoni tutalitafutia aya, na lisipokuwamo tutasema halimo. *Milh* imo, katika Surat Furqan, kwa maji ya bahari yenye chumvi. Sabuni haimo. Samaki yumo kwa jina la *huut*, si *samak*. Kutafuta huko ni kusoma, tena ni usomaji ambao sikuwahi kuwapa.

Jumamosi, 25 Oktoba

Tumetoka. Wanafunzi sita, wazazi wawili, basi hadi mjini, kwenye duka la Mlebanoni mmoja niliyemwomba ruhusa mapema. Kabla hatujaondoka Shehe alituita akatusomea Suratul Kahf aya ya 19: vijana wa pangoni wanamtuma mmoja wao mjini na fedha yao, atazame chakula kilicho safi kabisa, awaletee, *wal-yatalattwaf*, na awe mpole. "Hiyo ndiyo amri ya safari yenu," akasema. Watoto wakaenda wakilirudia neno hilo garini.

Salamu zilikwenda vizuri. Kisha mvulana akanyoosha kidole kwenye sukari akasema, "Tafadhal, sukkar." Mwenye duka akasimama, hakuelewa anapewa nini. *Tafadhal* kwa Mwarabu ni neno la anayetoa: karibu, chukua, keti. Anayeomba husema *min fadhlik*. Neno tunalolitumia kila siku, na sikuliweka kwenye ukurasa wetu. Limeingia leo.

Baada ya hapo mwenye duka, kwa furaha ya kusikia watoto wa hapa wakisema lugha yake, akafungulia lahaja ya nyumbani: "Shuu baddak, habiibii?" Watoto wote sita wakaganda. Aliona nyuso zao, akarudia taratibu kwa fus-ha, Kiarabu cha kitabuni, *maadhaa turiid*, unataka nini, na kuanzia hapo walielewana hadi risiti.

Ndani ya basi mmoja alikuwa anakaribia kulia. Akaniuliza kwa nini tunajifunza Kiarabu ambacho Waarabu hawakisemi. Swali la haki kabisa. Nikamwuliza: wewe ukisikiliza redio ya Tanzania, unasikia? Akasema anasikia. Wanasema "bukari"? Hapana, wanasema ugali. Wanasema "makuta"? Wanasema pesa. Wanasema "hatuyue"? Akatabasamu. Basi na Mwarabu ana ya nyumbani na ya kitabuni. "Nataka" kwa fus-ha ni *uriid*. Beirut husema *baddii*, Cairo *'aayiz*, Morocco *bghiit*. Mwaka 1959 Charles Ferguson aliandika makala juu ya hali hii akaiita diglosia, na Kiarabu kilikuwa mmoja wa mifano yake minne. Tofauti ya Kiarabu cha nyumbani na cha kitabuni ni pana kuliko yetu na Watanzania, sikumficha hilo. Lakini aliyeshika fus-ha anaweza kuomba, kama leo: sema nami kwa fus-ha. Sentensi hiyo sasa ni ya kwanza katika daftari: *takallam ma'ii bil-fus-haa, min fadhlik*.

Uamuzi wangu baada ya leo: tunabaki na fus-ha. Sokoni tunaacha irabu za mwisho kama wanavyoziacha wasemaji wenyewe. Tukisoma, tunazitamka zote.

Jumatano, 5 Novemba

Kuelekeza njia. Somo limeanguka. Mazungumzo ya kitabu yanasema nenda moja kwa moja, barabara ya pili pinda kulia. Hakuna mtu wa Kenya anayeelekeza hivyo. Sisi tunasema fika sokoni, uliza kwa fundi cherehani, mlango uko nyuma ya mwembe. Watoto walikuwa wanatafsiri tabia ya mji mwingine.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua kubwa tangu asubuhi, umeme hakuna, wanafunzi 19 tu. Mmoja aliingia amepakaa tope hadi magotini akatangaza, "Al-yawm tiin kathiir!"

Nikaandika ubaoni تين na طين. Cha kwanza ni tini, tunda. Cha pili ni tope, udongo. Alikuwa amesema leo kuna tini nyingi. Nikauliza nani anajua Surat Tin. Wote, kwa moyo, tangu wakiwa wadogo. Nani anajua *tiin* ni nini? Hakuna. Wameapa pamoja na aya hiyo miaka yote bila kujua wanaapa kwa tunda. Nikawaambia wakumbuke mkuyu na matunda yake madogo yanayobanana kwenye shina. Tini ni ndugu yake. Na *twiin* je? Nikawasomea Suratul An'am aya ya 2, Yeye ndiye aliyewaumba kwa *twiin*. Yule mvulana akaangalia miguu yake, akaangalia mwenzake, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ni hii."

Mipango ya siku niliiweka pembeni. Tulileta tope ndani kwenye ndoo. Kila mtu alilishika akisema *twiin*, mkono mwingine shavuni, asikie ulimi unavyopanda nyuma na sauti inavyojaa mdomo. Kisha *tiin*, ulimi ukiwa mwepesi mbele. Tukaenda *sayf* na *swayf*, upanga na kiangazi, halafu *kalb* na *qalb*, mbwa na moyo, ambapo hakuna anayetaka kukosea. Miaka tisa nimekuwa nikifundisha herufi hizi kwa mchoro wa koo.

Jumamosi, 22 Novemba

Kina mama wanne wa sokoni wameomba kujiunga. Nimewapa Jumamosi baada ya alasiri. Mmoja hufuata nguo Dubai. Nilidhani anataka Kiarabu cha biashara. Akanirekebisha: "Mwalimu, kule Deira wauzaji nilionunua kwao ni Wahindi na Wapakistani, tunapatana kwa kalkuleta." Anachotaka ni kusoma vibao na fomu, na siku akienda umra asiwe kama kiziwi. Nimefurahi kukanushwa mapema, maana nilikwisha kuwaandalia masomo ya kujadiliana bei.

Jumamosi, 29 Novemba

Tabibu: limepita vizuri. Homa ni *hummaa*, dawa ni *dawaa'*, tabibu ni *twabiib*. *Ra'sii yu'limunii*, kichwa kinaniuma.

Kuelekeza njia tumelirudia kwa njia yetu: *amaama* (mbele ya), *khalfa* (nyuma ya), *qurba* (karibu na), *bi-jaanibi* (kando ya), na alama za mji. Bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, ni *al-midkhana*, kila mtoto analiona tangu azaliwe. Mara hii mtoto alimwongoza mwenzake, kitambaa machoni, kutoka lango hadi darasani.

Alhamisi, 18 Desemba

Siku ya Kiarabu duniani: tarehe hii mwaka 1973 Umoja wa Mataifa ulikifanya Kiarabu kuwa lugha yake rasmi. Tulifungua soko kwa wazazi. Sharti moja, hakuna kununua kwa lugha nyingine. Asiyejua, mtoto wake anamnong'oneza.

Hesabu ya mambo matano: salamu, wote 31. Bei na kulipa, 26. Njia, 17. Tabibu, 24. Kueleza chakula, 9 tu, na hapa nina deni. Matembele walilazimika kuyaita majani ya kiazi kitamu, *awraaq al-bataataa al-hulwa*, pumzi ikaisha njiani. Kwa bukari, yule msichana wa benchi la mbele alisema ni kama *'asiida* ya Wasudani, ila ya mahindi, inaliwa kwa mkono, na asiyenawa hapewi. Maneno yote yake mwenyewe. Mzazi aliyelalamika Oktoba alinunua vitunguu viwili. Alilipa pungufu, mwanawe akamrudishia hesabu hadi ikakamilika.

Kuandika bado ni dhaifu: alama ya hamza inawekwa popote, na herufi *swaad* wanayoitamka vizuri wanaiandika *siin*. Januari nitaanza na hilo, pamoja na chakula.

Shehe alikaa hadi mwisho. Wakati wa kufunga akaniambia kwamba ujanani aliuza maharage katika soko hili hili la Kenya, jambo ambalo sikulijua, na mizani yake ya sahani mbili bado iko nyumbani chini ya kitanda. Ataileta Jumamosi ya tarehe 10 Januari. Mawe yake yamepotea, kwa hiyo kabla ya siku hiyo natakiwa nitafute jiwe la kilo moja, la nusu na la robo, yaliyopimwa sawasawa.